Mzani Uliosinzia Kati ya Mama na Mkwe

Jumatano. Mawingu yamekaa juu ya Kisii tangu asubuhi, na jioni mvua ya mawe imepita ikaacha barabara nyeupe. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, kwa sababu wa kulia umevimba hadi pete imekataa kutoka.

Leo nimempiga shemeji yangu.

Nimempiga mbele ya kituo kizima cha majani chai, watu wakiwa na magunia yao, karani akiwa na kalamu sikioni. Ngumi ya kwanza ilikuwa ya pua, na alipoinama nikampa nyingine ya sikio. Ningeendelea lakini nilishikwa. Tangu hapo nimekuwa nikingoja kujuta. Wanasema majuto ni mjukuu, basi huyu wangu hajazaliwa bado.

Kwa aliyepotea njia akaingia kwenye ukurasa wangu huu kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kurekebisha hitilafu ndogondogo katika kerneli, ile sehemu ya chini kabisa ya mfumo endeshi wa kompyuta, ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka iharibike. Ndani ya kerneli nakaa kona moja tu, kigawaji cha kumbukumbu. Programu ikihitaji nafasi ya kuweka namba zake, kigawaji kinaikatia kipande. Ikimaliza inakirudisha, kinafutwa, inapewa programu nyingine. Nina chumba juu ya duka la vyuma hapa mjini, na humo nashinda nikitafuta mahali ambapo kipande kimoja kimepewa wawili, au kimesahaulika, au kimetolewa kabla ya wakati. Mama huwaambia watu kanisani kwamba mimi ni mgawaji. Wengi wanadhani nagawa chakula cha msaada.

Sasa niseme yaliyotokea, kwa sababu nisiposema nitavunja kitu kingine.

Wiki iliyopita nilikuwa Keumbu, nimefuata ndizi za kupika kwa mama mmoja ninayemzoea, simu ikaanza kulia mfululizo. Mtu alikuwa ametuma video kwenye kundi la kijiji chetu, kule ndani ya Ekerenyo, Nyamira, na juu yake ameandika kwamba mchawi wa majani amepatikana. Niliifungua nikiwa bado nimekumbatia mkungu.

Niliitambua sweta kabla sijautambua uso. Ni sweta ya kijani niliyomnunulia Mama mimi mwenyewe. Vijana walikuwa wanamburuta kutoka jikoni, mchana kweupe. Mmoja ana mpini wa jembe. Anampiga mkono wa kushoto, ule aliouinua kujikinga, na mfupa unasikika ukivunjika hata kwenye simu ya bei rahisi kama yangu. Anampiga tena mbavuni. Mwingine anammwagia petroli kutoka kwenye chupa ya soda, halafu wote wanaanza kutafuta kiberiti. Wanapapasa mifuko. Wanaulizana. Mmoja anacheka kwa kuwa hakuna aliye nacho.

Wakati huo dada yangu Kerubo anatokea mbio, anajitupa juu ya Mama na kumfunika na mwili wake, nao wanampiga yeye mgongoni. Kilichomponya Mama ni kwamba kiberiti kilichelewa, na akina mama wa kanisa wakafika kwanza wakipiga mayowe.

Makori yumo kwenye video. Makori ndiye mume wa Kerubo, shemeji yangu, mkwe wa Mama, na vijana wale ni yeye aliyewaleta. Amesimama kando ya barabara, amewapa mgongo.

Mgeni asingeelewa ule mgongo. Sisi Abagusii tuna chinsoni, heshima ya kujitenga: mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, hawashikani mikono, na haruhusiwi kabisa kumwona akiwa hajajisitiri. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani hadi mwenzake apite. Nguo ya Mama ilipopasuka, Makori aligeuka ili asione. Mpini unashuka, mke wake analia chini, naye ametazama migomba.

Kwa heshima.

Niliitazama video hiyo yote pale sokoni, halafu nikaitazama tena, kwa sababu nilitaka kuzikariri sura zao. Muuza ndizi alininyang'anya simu. Sikumbuki nilifikaje hospitalini.

Chanzo ni majani. Chai ya Mama ni safu chache nyuma ya nyumba. Ya Makori ni shamba kubwa linaloteremka hadi mtoni. Lakini kwa miezi kadhaa sasa, karatasi za mzani zimekuwa zikimpa Mama kilo ambazo kikapu chake hakiwezi kubeba, na Makori amekuwa akipungukiwa. Mama hasomi karatasi zile. Alijua tu kwamba amebarikiwa, akafanya ambalo mama yeyote wa Kisabato angefanya: alisimama kanisani wakati wa shuhuda akasema yeye huchuma kikapu kimoja, lakini Bwana humpimia viwili. Kanisa zima likaitikia amina.

Makori alikuwa viti vya nyuma. Yeye alisikia mtu akiungama.

Kwetu kuna imani ya zamani kwamba wapo watu wanaoweza kuvuta mazao ya shamba la mwingine hadi kwao. Na kwa ajili ya chinsoni, Makori hawezi kumwendea mama mkwe wake akamuuliza hata swali moja. Angeweza kumtuma mke wake aulize. Akatuma vijana.

Polisi walikuja wakachukua wawili. Waliobaki walipeleka ujumbe hospitalini kupitia kwa jirani, kwamba mama huyo akikanyaga tena kijijini, safari hii kiberiti kitakuwepo. Nilimwambia Mama atakaa nami mjini. Alinijibu, akiwa amefungwa kuanzia bega hadi kiuno, kwamba hawezi kufia kwenye chumba cha kupanga, juu ya misumari ya watu, wakati Baba amelala peke yake kando ya nyumba. Akipona atarudi. Basi likawa ni jambo moja tu: ama nionyeshe kilo zile zinatoka wapi kabla hajaruhusiwa kutoka, ama arudi nyumbani wamchome.

Nakiri kwamba njia ya kwanza niliyoiwazia haikuwa hiyo. Nilishuka dukani chini ya chumba changu nikashika panga moja baada ya jingine, nikipima uzito, mpaka mwenye duka akaniuliza kwa upole kama nina shamba la kufyeka. Nilimwambia bado nafikiria.

Sina imani na uchawi. Lakini kilo zinazohama kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine nazijua vizuri. Kuzitafuta ndiyo kazi inayonilisha.

Mizani ya vituo vya majani siku hizi ni kompyuta ndogo. Nilimtafuta Osoro, karani wa kituo chetu, naye pia alikuwa analala kwa hofu, maana baadhi ya watu walishaanza kusema anashirikiana na Mama. Tulipouwasha mzani maneno machache yakapita kwenye kioo, na nikatambua kerneli ileile ninayoshinda nayo, toleo lililokondeshwa ili litoshe kwenye kumbukumbu haba. Msimamizi wake akaniruhusu kuchukua mzani wa akiba. Nikaubeba hadi Kisii kwa boda, nimeukumbatia kama mtoto mgonjwa, nikajaza mawe kwenye magunia nikaanza kupima.

Ulipima sawasawa. Gunia baada ya gunia, mkulima wa uongo baada ya mkulima wa uongo, kila mmoja alipata mawe yake. Nilirusha kikombe ukutani. Niliutukana ule mzani kwa Ekegusii, maana Kiswahili hakikutosha. Hitilafu za kumbukumbu ndivyo zilivyo, haziji ukiziita. Zinataka mambo yafuatane kwa namna yake, huyu kwanza, yule baadaye, na katikati kitu fulani ambacho hukijui.

Nikarudi hospitalini nikamwomba Mama anisimulie, hatua kwa hatua, jinsi anavyopimiwa majani. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jinsi ya kunywa maji.

"Nangoja Makori apite njiani, ndipo nitoke nyumbani," alisema. "Kituoni niko nyuma yake, lakini mbali. Akijua niko pale anaharakisha, gunia la mwisho analitoa kabla Osoro hajamaliza. Nami sisogei mpaka apotelee kwenye kona. Ningesogeaje, Moraa?"

Nikamuuliza kuhusu walio nyuma yake kwenye foleni, kama hawalalamiki kukawia. Akasema wanangoja tu, kila mtu anajua yule ni mkwewe.

Nilitoka wodini nikikimbia, muuguzi akanigombeza.

Chumbani nilifanya kama wao. Niliweka mawe, nikayanyakua kabla mzani haujamaliza, kama mtu anayemkimbia mama mkwe. Kisha nikakaa na mikono magotini nikangoja apotelee kwenye kona. Mzani ukasinzia, kioo kikafifia. Nikaweka kikapu kitupu. Karatasi ikatoka, na mawe yote ya Makori yalikuwa kwenye kikapu cha Mama.

Nililia kwa hasira, si kwa furaha.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo hata kutia aibu. Mtu akitoa gunia mapema, kile kipande cha kumbukumbu chenye kilo zake kinawekwa kando kikingoja kufutwa. Foleni ikienda mbio, kinafutwa kabla ya kupewa mwingine. Lakini mzani ukiachwa mtupu hadi usinzie, kigawaji hupitia njia ya mkato, na kwenye njia hiyo mtu fulani alidhani kipande kimeshafutwa. Ni kama sufuria ya harusi iliyorudishwa kabatini ikidhaniwa imeoshwa. Anayefuata anapakuliwa juu ya makombo ya mwenzake. Gunia la mwisho la Makori likawa linafutika kwake, na Mama anaanzia pale alipoishia yeye.

Aliyeuandika msimbo ule hakuwaza kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu hutoa mzigo wake kwa haraka na anayemfuata akakawia kwa makusudi, siku baada ya siku, watu walewale wawili. Angewazaje? Ingebidi azaliwe Nyamira.

Nikaandika kiraka cha kuziba kosa hilo. Mstari mmoja. Nikakituma kwa wanaotunza kerneli, na mkaguzi mmoja wa ng'ambo, ambaye namjua kwa jina la mtandaoni tu, akajibu kwamba kiraka ni kizuri lakini hali ninayoieleza haiwezi kutokea kwa kweli. Nani angeuacha mzani mtupu muda wote huo na huku kuna foleni? Niliandika majibu kadhaa ya matusi nikayafuta. Mwishowe nikamwandikia: mama mkwe. Hakuuliza tena, na kiraka kikakubaliwa.

Waliweka neno lao la kawaida kando yake, kwamba ni rekebisho dogo. Nilitamani kuwatumia picha ya mkono wa Mama, ambao sasa una vyuma ndani.

Kijiji hakisomi viraka. Kwa hiyo asubuhi ya leo nilikuwa kituoni, pamoja na Osoro na msimamizi wake, mzani wa zamani upande huu na ule niliourekebisha upande ule. Makori alikuja na magunia yake kama kawaida. Wale wa kwenye video ambao polisi hawakuwachukua walikuwepo pia, wameegemea pikipiki zao. Nilizitambua sura zote, na nilikaza mikono mifukoni.

Nilimwomba Makori apime, na gunia la mwisho alitoe haraka, vile anavyofanya siku zote. Alifanya, bila kunitazama. Kisha nikawaambia watu wote wanyamaze wangoje. Walijua mimi ni mtoto wa nani, wakanyamaza. Kioo kilipofifia nikachukua kikapu, nikakipindua wote waone hakina hata jani, nikakiweka juu ya mzani. Osoro akasoma karatasi kwa sauti. Kikapu kitupu kilikuwa na gunia zima la Makori.

Tukafanya vilevile kwenye mzani wa pili. Kikapu kitupu kikawa kitupu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, kwa mawe, hata kwa petroli. Sikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Walicheka, jamani. Walicheka kama watu waliotua mzigo, mabibi wazima wakifuta machozi, wakiambiana kumbe ni mashine, kumbe ni hii mashine. Mmoja wa wale vijana, yule wa chupa ya soda, akajitolea kunibebea mzani hadi kwenye boda. Mzee wa kijiji akatangaza kwamba mama huyo ni wetu, arudi hata leo, hakuna atakayemgusa. Nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Ndipo Makori akaja, ameninyooshea mkono, anatabasamu.

"Kumbe ilikuwa mashine, shemeji," akasema. "Basi yameisha."

Na mkono wangu, ambao tangu asubuhi nilikuwa nimeuzuia mfukoni, ukatoka.

Sikusema lolote la busara. Nilimwambia tu kwamba mashine haikushika mpini, halafu nikampiga tena. Osoro ndiye aliyenishika kiunoni. Kinachoniuma zaidi kuliko vidole ni kwamba Makori hakurudisha. Alishika pua yake akawatazama watu kwa mshangao wa kweli kabisa, kama mtu aliyepigwa bila kosa. Kwa hesabu yake, kosa lilikuwa limeshapatikana na kurekebishwa.

Nimefika hospitalini jioni, viatu vimejaa mvua ya mawe. Kerubo alikuwa ameketi kando ya kitanda. Tangu siku ile hajarudi kwa mumewe, na hakuna aliyemuuliza kama atarudi. Nilimweleza Mama yote, polepole, kuhusu kipande kisichofutwa, na kikapu kitupu, na mzee wa kijiji. Nilikuwa na hofu ya kumfikisha kwenye ule ushuhuda wake, lakini alifika mwenyewe kabla yangu.

"Kwa hiyo zile kilo zilikuwa zake kweli," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Basi arudishiwe zote. Na Sabato nitasimama kanisani niseme nilishuhudia bila kujua."

Hapo nilipandwa na hasira. Nilimwambia yule mtu alileta petroli nyumbani kwako. Nilimwambia nimechoka na wema wa watu wa kanisa, kwamba kuna wema mwingine ni ujinga. Kerubo alinivuta sketi ninyamaze. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kusikiliza vizuri. Mama aliningoja nimalize, kama alivyokuwa akiningoja nilipokuwa mdogo nikigaragara chini kwa kunyimwa kitu, kisha akaomba maji, akanywa, akanirudishia kikombe.

"Nikishamrudishia," akasema, "nitasimama nyuma yake kituoni. Si mbali. Nitasimama hapa." Akauinua mkono mzima akaonyesha, kiganja kimoja kutoka usoni pangu. "Kila siku ya majani nitampumulia shingoni. Akigeuka atanikuta namtazama. Alinipa mgongo siku ile akidhani bado yeye ni mkwe wangu. Sina mkwe, Moraa. Nina mtu tu aliye mbele yangu kwenye foleni."

Kerubo aliweka uso kwenye blanketi. Sikujua kama analia au anacheka, na sikumuuliza. Wote watatu tunajua maana ya alichosema. Kwetu mtu anaweza kupigwa ngumi akafuta pua akaenda zake, kama Makori leo. Lakini mama mkwe akikujia hadi hapo, mbele za watu, hakuna pa kuuweka uso wako, na hakuna atakayekuhurumia. Mimi nilimvunja pua. Mama amelala kitandani na mkono mmoja, na amemvunja zaidi yangu.

Nimekaa na jambo hili tangu nirudi chumbani. Nimetumia ujuzi wangu wote ili mzani umvumilie mama mkwe anayengoja, na fundi ataleta rekebisho hilo vituoni wiki hii. Kwenye kituo chetu hakuna tena atakayengoja.

Daktari amesema Mama akae wiki mbili zaidi. Mama amesema Ijumaa.

Sasa najiuliza, ikiwa mkono wake mmoja una vyuma, nani atambebea kikapu? Mkono wangu wa kulia nao umevimba hivi. Nitakibeba kwa wa kushoto, na nitasimama nyuma yake.

Karibu kabisa.